Gali Yetu

Mpendwa Baba,

Kuna jambo sijamwambia mtu. Sijamwambia mama. Sijamwambia padri nilipokwenda kitubio, na hata Solange, rafiki niliyemaliza naye shule, ambaye namwambia mpaka ndoto zangu, naye sijamwambia. Ni hili: lile neno tuliloliacha bila herufi ya mwisho, siku uliponipa msumari nilikwaruze kwenye alternata ya gari, limemalizwa. Herufi ipo. Nimeiona mchana, boneti ikiwa wazi na jua likiwaka. Sikuiandika mimi.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha uliyonisemesha siku zote, hata nilipokujibu kwa Kinyarwanda. Wewe ulikulia Tanzania, mama akakulia Burundi, na mlipokutana hapa Kigali kila mmoja alikuja na Kiswahili chake mkawa mnachekana. Ulimcheka akisema "weye". Naye alikucheka unavyosema "tafadhali" hata kwa kuomba chumvi iliyo karibu na mkono wako. Mimi nikaja na ulimi wa watoto wa mtaa wetu wa Niboye, ambao L na R kwao ni mtu na pacha wake. Ukinituma sukari nilirudia njia nzima "sukali, sukali", na mwenye duka alinielewa vizuri tu. Ni wewe peke yako uliyejali.

Unakumbuka uani, chini ya kamba ya nguo? Ulikuwa umeitoa alternata ukaiweka juu ya gunia, ukanieleza kwamba hili ndilo dude linaloilisha betri, kwamba likifa gari linakwenda kidogo kwa kujikongoja halafu linalala. Hukupenda kusema gari limekufa. "Limelala," ulisema, na mimi nikaamini kwa miaka mingi kwamba kila gari lililoharibika barabarani linaota.

Kesho yake gari lilikuwa liende gereji, na ilikuwa desturi yako kutia alama vyombo vyote vizuri kabla ya kulipeleka. Betri, redieta, hata kifuniko cha tangi. "Fundi akiona kitu kizima, mkono unamwasha," ulisema. Ukanipa msumari. "Andika GARI YETU."

Nilikuwa ndiyo kwanza nimejifunza kuandika. Niliandika nimetoa ulimi nje, nikikandamiza kwa mikono miwili, na msumari ulilia krr, krr, sauti iliyonifanya nisikie baridi kwenye meno. G yangu ilitoka kama namba sita. Nikaandika A, nikaandika L, nikaandika I. Ulipoinama kusoma ulicheka mpaka ukakaa juu ya tairi.

"Lili, hii nini? Gali?"

"Gali yetu," nikasema.

Nikaendelea, Y, E, T, na mvua ikaanza. Ulibeba alternata kifuani kama mtoto ukakimbilia barazani. Nilitaka kufuta ile L. Ulinizuia mkono.

"Acha hivyohivyo. Mwizi akitaka kuiga ataandika sawasawa. Kosa hili ni letu sisi."

"Na U?"

"Tutamalizia siku nyingine."

Hatukumalizia. Kila nilipokukumbusha ulisema bado, haraka ya nini na gari linakwenda. Baadaye ikawa utani wetu. Nikikuuliza jambo lolote usilotaka kulijibu, viatu vipya, safari ya kwenda kwa bibi, ulisema, "Hilo liko pamoja na ile U."

Nakumbuka pia ile kona ya Kinyinya. Ulipokuwa unapaka rangi nyumba mpya za kule juu, siku za likizo ulinichukua kiti cha mbele, na kila tulipofika kwenye kona yenye mikaratusi na ile nyumba isiyo na madirisha uliegesha pembeni ukazima injini. "Hapa ndipo gari linapopumua." Tulikaa kimya, mimi nikisikiliza chuma kikipoa, tik, tik, na wewe ukitazama mabonde. Hukusema lolote la maana pale. Kwa hiyo nashangaa kwamba ni pale ninapopakumbuka kuliko pote.

Ulipoondoka, mama alitaka kuliuza gari wiki ileile. Alisema kiti chako kimebaki na umbo lako na hawezi kukikalia. Mimi sikusema kitu, unanijua, lakini nilikuwa naingia ndani ya gari nakaa hapo nyuma mpaka giza liingie, na nadhani aliniona dirishani. Hakuliuza. Akajifunza kuliendesha upya, kwa hofu, shingo mbele kama anayechungulia kisima. Sasa tunapika chapati na maandazi alfajiri na kuwapelekea mafundi wa ujenzi kule Kinyinya. Nimemaliza shule, nangoja matokeo, na hiyo ndiyo kazi yangu: kukaa kiti cha mbele na kushika sufuria ya maharage isimwagike.

Breki zilipoanza kulia tulikwenda gereji moja. Siyo yako. Ya kwako ilifungwa. Fundi wa pale alikuwa na maneno matamu. Alimwita mama "mama mzazi", akamletea kiti kivulini na Fanta baridi, akamwambia apumzike, gari liko mikononi mwa mtoto wake. Mama alisema njiani tukirudi, "Umeona adabu ile? Yule kalelewa."

Siku chache baadaye taa zikaanza kufifia. Vifuta kioo vikawa vinakwenda kama mzee anayepanda ngazi. Halafu gari likalala, sokoni, halafu tena mbele ya kanisa, watu wakisukuma huku wanacheka. Jioni nilifungua boneti. Nilijua pa kutazama. Alternata ilikuwa pale, imepakwa grisi ionekane imetunzwa. Niliifuta kwa kanga ya mama mpaka ikang'aa. Haikuwa na neno lolote.

Tulirudi gereji. Mara hii hapakuwa na Fanta.

"Mama, alternata zote zinafanana," alisema fundi. "Hii ndiyo ilikuja na gari."

Mama akanisukuma mbele kidogo. "Sema, Lili."

Nilisema, lakini unajua sauti yangu ikiwa mbele za watu. Ikabidi nirudie. "Yetu ina jina."

"Ina jina?" Akawageukia wenzake. "Jamani, mnasikia? Alternata ina jina. Imebatizwa wapi? Na kitambulisho inacho?"

Walicheka sana. Mmoja akasema labda imeolewa imehama kwa wazazi. Nilitazama viatu vyangu. Mama alinishika mkono tukaondoka, na ndani ya gari, kabla hajawasha, alisema bila kunitazama: "Likizima tena mara moja, namwita yule wa vyuma chakavu. Mara moja tu, Lili. Sina nguvu ya kubembeleza chuma."

Yule mtu wa chuma chakavu anakaa mtaa wa nyuma. Alikuwa ameshakuja kulitazama, akagonga mlango kwa kiganja kama anayechagua tikiti.

Kwa hiyo asubuhi ile tulipoanza kupanda Kinyinya nilikuwa naomba, Baba, siyo kwa maneno. Nilikuwa nimekaza vidole vya miguu kana kwamba ndivyo vinavyolipandisha gari. Ukungu ulikuwa mzito, ule wa msimu wa mvua unaojaza mabonde mpaka vilima vinabaki kama visiwa. Tulipofika kwenye kona ya mikaratusi taa zilififia zikawa njano, zikawa nyekundu, na injini ikanyamaza. Gari likajisogeza lenyewe pembeni, polepole, likasimama palepale ulipokuwa unaliegesha. Palepale. Mti uleule dirishani kwangu.

Mama aliweka kichwa juu ya usukani. Hakulia. Alisema tu, "Basi."

Nilishuka kwa sababu sikutaka kumwona akichukua simu. Nje hapakuwa na ndege wala upepo. Nikasikia chuma kikipoa, tik, tik, lakini hakikuwa chuma chetu. Sauti ilitoka upande wa pili wa kona, ndani ya ukungu. Nikasikia na nyayo. Akatoka mtu, mwanamume wa umri wako, amevaa sweta la kijani na ameshika tochi iliyozimwa.

"Mwaramutse," alitusalimu kwa Kinyarwanda. Kisha kwa Kiswahili cha hapa mjini, "Na yenu imezima?"

Mama alifungua mlango haraka. "Hatutaki fundi. Hatuna pesa ya fundi."

"Mimi siyo fundi, mama. Mimi nauza vitenge."

"Fundi wa mwisho alitupa Fanta. Weye utatupa nini?"

"Sina Fanta," alisema. "Na mimi gari iko hapo nyuma, imezima. Ni kama yenu, hata rangi. Inazima hapa tu. Mjini inatembea vizuri, inafika Kiyovu, inarudi. Ikifika kona hii, basi, inanyamaza. Nakaa, nangoja, halafu inakubali."

Simu ya mama ikalia, ni msimamizi wa mafundi anauliza chapati. Akaenda pembeni kumwomba radhi, nikabaki mimi na yule mtu. Kwa kawaida ningejifanya natafuta kitu garini. Lakini alikuwa ananitazama kwa njia ambayo haikuwa mbaya, kama mtu anayetaka kuuliza jambo na kuona haya. Nadhani naye ni mtu wa haya. Akasogea kidogo, akashusha sauti.

"Na yenu inakwaruza?"

"Inakwaruza vipi?"

"Ikishazima. Mule ndani, mbele. Krr. Inanyamaza, halafu krr. Nilifikiri panya. Nimefungua mara nyingi, hakuna panya."

Nilisema, "Kama msumari juu ya bati?"

"Nani alikuambia?"

Aliendelea bila kungoja jibu, kama aliyekuwa amengoja muda mrefu kupata wa kumwambia. Alisema sauti hiyo ilianza alipobadilisha alternata. Aliinunua kwa muuza vyombo vilivyotumika, kwa bei nzuri, akaambiwa imetoka kwenye gari la ajali. Alipoisafisha akakuta imeandikwa. "Gali yet. Nimeuliza watu, hiyo ni lugha gani. Mimi nilisoma Uganda, nikasema labda ni Kiingereza. Yet kwa Kiingereza ni bado. Gari, bado." Akacheka kidogo, bila furaha. "Kila ikizima hapa najiambia: sawa, bado. Lakini bado nini?"

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe nini?"

"Niliyeandika ni mimi. Nilikuwa mdogo. Baba alikuwa ananishikia."

Alinitazama, akatazama boneti yetu iliyojaa umande. "Andika hapo."

Niliandika kwa kidole. Sikujaribu kuandika kama zamani, Baba, nakuapia. Lakini kidole kilitoa ile G kama namba sita, na L palepale inapokaa R, na nilipofika kwenye T nikasimama, kwa sababu ndivyo lilivyo neno lenyewe. Maji yalichuruzika kutoka kwenye kila herufi.

Aligeuka akaingia kwenye ukungu, na aliporudi alikuwa ameshika spana na alternata, bado ina joto. Akanipa niishike. Niliipokea kifuani, ulivyoibeba wewe siku ile ya mvua. Nilipitisha kidole gumba juu ya maneno, herufi moja moja. Baada ya T palikuwa laini. Hili nalijua kama ninavyojua jina langu. Palikuwa laini kabisa.

Mama alirudi. "Hiyo nini? Bei gani?"

"Siyo ya bei, mama. Iko ya kwenu."

"Ya kwetu kutoka wapi?"

"Muulize binti. Alitia jina lake."

Mama akaisoma. Aliweka mkono mdomoni, na kwa mara ya kwanza tangu uondoke alisema lile neno letu, taratibu, kama anayelijaribu kwenye ulimi. "Gali." Akauliza, "Na weye utabaki na nini?"

"Nitachukua hiyo yenu mbovu. Betri yangu iko na nguvu, itanifikisha chini. Kigali ni milima, mama, kushuka hakuhitaji injini." Mama alipofungua pochi alitikisa kichwa. "Unilipe ili nini? Nimelala vibaya tangu niinunue. Leo nitalala."

Nilimshikia tochi muda wote aliofanya kazi. Nuru haikutoka mikononi mwake. Alifunga bolti, akavuta mkanda, akaiendea betri yake, akaunganisha waya, na gari likaamka mara ya kwanza, bila kukohoa. Alikubali chapati mbili na maandazi kwenye mfuko. Tulisahau kumuuliza jina. Nilipogeuka kumshukuru alikuwa ameshaingia kwenye gari lake, na nililiona likipita kando yetu likishuka bila sauti ya injini, bila taa, matairi tu juu ya lami iliyolowa. Ukungu ukafunga nyuma yake. Kila tunapopanda Kinyinya natafuta sweta la kijani. Mtu aliyeupoza moyo wa mama kwa asubuhi moja, nami sina hata jina la kumwombea.

Jioni ile mama alimwambia yule wa chuma chakavu asije tena. Alikaa kwenye kiti chako mpaka ndani, mgongo umeegemea, siyo ule ukingo anaoukalia siku zote.

Kesho yake mchana nilifungua boneti kwa furaha tu, nikalisalimu neno. GALI YETU. Nilisoma nikafunga. Halafu nikafungua tena.

Nimejieleza kwa njia nyingi. Labda grisi iliificha. Labda yule bwana alipitisha ncha ya spana akijua mtoto aliacha neno lake nusu, akaona anifanyie na wema huo. Ingekuwa hivyo ningempenda zaidi. Lakini nilikuwa nimeshika tochi. Na ile U ina kamkia upande wa kulia, kanakokunjwa kwa juu, unavyoiandika wewe kwenye "Mungu" na kwenye "Lili uje haraka".

Mwanzoni sikuogopa. Hofu ilikuja baadaye, na siyo ya kukuogopa wewe. Tangu siku hiyo gari halijalala hata mara moja. Tukifika kwenye kona ya mikaratusi namwomba mama asimame kidogo injini ipumue, na yeye hukubali, akidhani ni kwa ajili ya kumbukumbu. Nasikiliza. Chuma kinapoa, tik, tik, na hakuna kingine. Hakuna krr. Nimeelewa kwamba ulikuwa na kazi moja iliyobaki nasi, na umeimaliza, na ukimya huu ndio unaoniogopesha. Ningejua ningekataa lile neno lisimalizwe. Ungeendelea kusema bado.

Kwa hiyo nimefanya jambo, na sasa nitakuambia lote. Juzi mama alipokwenda misa ya jioni nilichukua msumari. Chini ya GALI YETU nimeandika B, nikaandika A, nikaandika B. Nikaacha nafasi ya kutosha, hata ukitaka kuweka mkia. Usiharakishe. Itakuwa kama ile U, siku nyingine, siku yoyote.

Leo alfajiri tulipopita kwenye kona mama aliinamisha sikio, akauliza, "Ni panya huyo?" Nikamwambia ni chuma kinapoa, nami sikuwa nimesikia kitu. Mama anasema unamjia ndotoni na mnazungumza. Padri amemwambia marehemu aachwe apumzike, na mama akijua kuna mkono unaoandika ndani ya gari ataliuza kabla jua halijazama. Basi mkionana tena, mwulize habari za chapati, mcheke anavyosema "weye", lakini hili usimtajie. Libaki kati ya msumari na sisi wawili.

Binti yako wa kiti cha mbele,
Lili